Maiki ya kiki: namna ya kuichagua ukiwa na studio ndogo Mtwara au Lindi

Minada ya korosho ikishapita na watu wakalipwa, simu za studio za kusini huanza kuita. Kwaya ya Masasi inataka albamu, bendi ya Lindi mjini imepata mfadhili, na mpiga dramu anauliza kabla hata hajaulizia bei: "Kaka, una maiki ya kiki?" Anauliza kwa sababu amewahi kurekodiwa mahali kiki yake, ile dramu kubwa ya kupigwa kwa pedali, ikatoka kama mtu anayegonga boksi la sabuni.

Mwongozo huu ni wa mwenye studio ya chumba kimoja, kadi ya sauti yenye matundu mawili hadi manane, na fedha ya kuhesabu. Msimamo wangu nautanguliza: maiki huchaguliwa baada ya kiki kusikilizwa na wimbo kujulikana. Maiki mbili za bei moja zinaweza kuifanya dramu ileile isikike kama dramu mbili tofauti, na ile inayosifiwa sana mtandaoni huenda ndiyo isiyoufaa wimbo ulio nao mezani.

Hatua ya kwanza: itengeneze dramu kabla ya kufungua mkoba wa maiki

Dramu nyingi za makanisani na kumbini huku zimekaa miaka bila kubadilishwa ngozi. Ile ngozi ya nyuma inayopigwa na nyundo ya pedali imebonyea katikati, imelegea upande mmoja, na pengine imebandikwa selotepu. Hapo hakuna maiki itakayokuokoa. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua ngozi kwanza, maiki itafuata msimu ujao.

Legeza skrubu zote, zikaze kwa vidole mpaka ngozi ishike, kisha tumia ufunguo wa dramu, nusu mzunguko kwa kila skrubu, ukivuka kila mara kwenda kwenye ile inayotazamana nayo. Mikunjo ikishatoweka, simama hapo. Kiki haihitaji kukazwa kama snea, ile dramu ndogo yenye sauti kali. Ndani weka blanketi moja lililokunjwa, liguse kidogo tu ngozi ya nyuma. Ile tabia ya kuishindilia dramu magodoro na nguo kuukuu mpaka ijae huua mvumo wote, halafu watu wanaanza kuutafuta kwenye EQ, vile vitufe vya kupandisha na kushusha besi na sauti za juu.

Tazama pia ngozi ya mbele. Ikiwa na tundu la sm 10 hadi 13, lililokatwa pembeni badala ya katikati, una uhuru wa kuingiza maiki ndani. Isipokuwa na tundu, usiikate kabla ya kumwuliza mwenye dramu. Dramu za kanisa zina wenyewe, na ngozi ya mbele mara nyingi imeandikwa jina la kwaya.

Sasa mpiga dramu apige taratibu, nawe zunguka. Sikiliza mbele, kisha upande wa pedali, kisha kona ya chumba. Masikio yako yawe mbali kiasi, maana karibu na dramu nguvu ya sauti ni kubwa kuliko mtu anavyodhani.

Hatua ya pili: unataka pigo au mvumo?

Mvumo ni ile sauti ya chini inayosukuma kifua, kwa kawaida kati ya Hz 50 na 100 (Hz ni mitetemo kwa sekunde). Pigo ni ncha ya nyundo inapogusa ngozi, na linakaa juu kabisa, kwenye Hz 2,000 hadi 5,000. Katikati, tuseme Hz 250 hadi 500, kuna sauti ya mbao ya dramu yenyewe. Hiyo ndiyo ikizidi huleta kero ya boksi. Maiki nyingi zilizoundwa kwa ajili ya kiki zimetengenezwa ziipunguze na kuinua zile mbili nyingine.

Swali sasa ni wimbo. Kwaya nyingi za huku hutumia besi ya kinanda, na kinanda hicho hujaza chini kote bila kubakisha nafasi. Ukileta kiki yenye mvumo mnene, vitu viwili vinagombania mlango mmoja na hakuna kinachopita. Kwaya ya namna hiyo inahitaji pigo linaloonekana na mvumo mfupi. Kumbuka pia msikilizaji: atausikia wimbo kwenye simu au kwenye spika ya bajaji. Kispika cha simu hakiwezi kutoa Hz 60 hata ukikilazimisha, kwa hiyo kwenye simu kiki ni pigo tu.

Bendi ya dansi ni habari nyingine. Gitaa la besi linatembea, kiki inalifuata kwa upole, na ile sauti ya mbao ya katikati ndiyo inayoifanya dramu isikike ni dramu. Ukiifuta, unabaki na mashine.

Hatua ya tatu: soma mchoro, usiishie kwenye namba

Kwenye karatasi ya maiki utakuta masafa inayoyasikia. Shure Beta 52A imeandikwa Hz 20 hadi 10,000, Audix D6 ni 30 hadi 15,000, Shure PGA52 ni 50 hadi 12,000, na Shure SM57, maiki ya kazi zote, ni 40 hadi 15,000. Kwa namba hizo peke yake utadhani SM57 inaipita PGA52 kwa kushuka chini. Kinachoeleza ukweli ni mchoro wa mstari: wapi unapanda, wapi unabonyea, na unaanza kushuka kuanzia wapi. Mstari wa SM57 unaanza kushuka mapema, muda mrefu kabla ya hiyo Hz 40.

Kitu cha pili kwenye karatasi ni mwelekeo wa usikivu. Karibu zote za kiki ni kadioidi au supakadioidi, yaani zinasikia mbele na kupuuza nyuma au pembeni. Maiki za namna hiyo zina tabia moja ya kukumbuka: kadiri unavyozisogeza karibu na chanzo, ndivyo besi inavyoongezeka. Kwa hiyo sm 3 za kusogeza zinaweza kubadili kiki kuliko kuhama kutoka kampuni moja kwenda nyingine.

Hatua ya nne: zijue kwa tabia zao

AKG D112 ilitoka mwaka 1986 kuchukua nafasi ya D12 ya miaka ya 1950, na umbo lake la yai limeonekana kwenye majukwaa duniani kote. Ina pigo la wazi, na haikati katikati kikatili. Kwa studio inayopokea kwaya leo na dansi kesho, ningeanzia hapo, hasa ukipata iliyotumika lakini nzima.

Beta 52A ni nzito zaidi chini, ina kilima karibu na Hz 4,000, na bawaba ya stendi imejengwa kwenye mwili wake. Hilo la bawaba linaonekana dogo mpaka siku utakapohangaika kuinamisha maiki ndani ya tundu la sm 10. Ni supakadioidi, kwa hiyo inakataa vizuri vya pembeni lakini inasikia kidogo kilicho nyuma yake moja kwa moja. Usiipe mgongo spika ya jukwaani.

Audix D6 inakupa kiki iliyokwisha kupikwa: chini imejaa, juu inang'aa, katikati pamechimbwa. Kwa nyimbo za injili za kasi, zile ambazo mpiga dramu ana pedali mbili, inakuokolea kazi kubwa. Kwa dansi siitaki. Kilichochimbwa na maiki hukirudishi kwenye kompyuta.

PGA52 ni ya bei nafuu, na kwa bei yake haina aibu. Sennheiser e902 na e602 II ziko kwenye kundi la Beta 52A, na kuchagua kati yake ni suala la kipatikanacho.

Kisha kuna zile zisizo za kiki peke yake. Sennheiser MD421 ya mwaka 1960 ina swichi ya kupunguza besi na inafaa tomu, spika ya gitaa hata sauti ya mtu. Electro-Voice RE20 ya mwaka 1968 imezoeleka kwenye meza za watangazaji wa redio, na imeundwa kwa namna ambayo ukiikaribia besi haipandi ovyo. Ni ghali, lakini mtu anayerekodi matangazo ya redio mchana na bendi jioni faida yake anaipata mara mbili. Hesabu hiyo wengi hawaifanyi: kwenye mji ambao dramu kamili inaingia studio mara chache kwa mwezi, maiki ya kiki pekee hukaa kabatini siku nyingi. Hata D112 usiifungie, iweke mbele ya spika ya gitaa la besi uone.

Maiki za kulaza kama Beta 91A na Sennheiser e901 huwekwa juu ya blanketi ndani ya dramu. Ni kondensa, zinahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti, na pigo lake ni kali na safi. Mvumo wake unategemea sana dramu, ndiyo maana wengi huzitumia pamoja na maiki nyingine.

Kondensa za kawaida za kuimbia, zile za kiwambo kikubwa (utando unaopokea sauti) zilizojaa studio zetu, zinaweza kusimama mbele ya kiki, sm 40 hivi kutoka ngozi ya mbele, swichi ya kupunguza nguvu ikiwa imewashwa. Usiiweke mdomoni mwa tundu. Upepo unaotoka pale kila pigo ni adui wa kiwambo chembamba.

Kama una SM57 tu

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi. SM57 ikielekezwa kwenye nyundo inakupa pigo zuri, mvumo ndio unaokosekana. Dawa yake iko kwa fundi redio: spika ya inchi 6 hadi 8 iliyotolewa kwenye sabufa mbovu. Spika na maiki dainamiki kama SM57 ni kitu kimoja kilichogeuzwa, koili ndani ya sumaku, na koni kubwa namna hiyo ni nzito mno kufuata pigo la juu lakini inafuata mvumo vizuri. Yamaha waliwahi kuuza kifaa cha aina hiyo kwa jina la Subkick.

Chukua waya wa XLR, ule wa maiki wenye pini tatu, unganisha pini namba 2 kwenye ncha moja ya koili na namba 3 kwenye nyingine, wavu wa waya ubaki pini namba 1 bila kugusa koili. Zima volti 48 kwenye tundu la kadi ya sauti unapouchomeka waya huo. Ifunge spika kwenye stendi, uso wake ukitazama ngozi ya mbele kwa umbali wa sm 5 hadi 10. Inatoa nguvu nyingi, kwa hiyo anza na geini (kiwango cha kukuza sauti inayoingia) ya chini kabisa. Peke yake inasikika kama radi ya mbali. Changanya na SM57 kidogo kidogo mpaka kiki isimame.

Hatua ya tano: sogeza, rekodi, linganisha

Mwalimu mmoja wa kwaya pale Mikindani alitaka kiki "inayokita". Neno hilo unaweza kulikunia kichwa siku nzima. Badala ya kubishana tukampa mpiga dramu kipande kilekile cha wimbo, akakipiga mara kadhaa, kila mara maiki ikiwa mahali pengine. Kwanza ndani kabisa, sm 5 kutoka ngozi ya nyuma ikitazama nyundo: tap, kavu, fupi. Kisha ikavutwa mpaka kwenye tundu, nusu ndani nusu nje: du, pigo limelainika na mvumo umefika. Mwisho nje, sm 30 mbele ya dramu: buum, na ndani yake unasikia chumba, snea na mguu wa mpiga dramu ukichezesha kiti. Mwalimu akafumba macho. "Hiyo ya kati, kijana. Ila uipe ukali kidogo." Tukaiingiza ndani sm 4, kazi ikaisha.

Fanya jaribio hilo kila unapolinganisha maiki au nafasi, kwa masharti mawili. EQ isiguswe. Na vipande vyote uvisawazishe kwa ukubwa wa sauti kabla ya kusikiliza, kwa sababu sikio hupenda kinachosikika kwa nguvu na kukiita bora. Sikiliza ndani ya wimbo, pamoja na besi na sauti za watu. Kiki inayopendeza peke yake mara nyingi ndiyo inayopotea waimbaji wakiingia.

Usiamini spika zako kabla hujajua chumba chako. Chumba chenye ukuta wa mita 3 kina mwangwi wa chini kwenye takriban Hz 58, pale pale kiki inapoishi. Ukikaa karibu na ukuta unasikia mvumo mkubwa usiokuwemo kwenye rekodi, ukikaa katikati unausikia umepotea. Hakikisha kwa hedfoni. Dramu nayo isogeze mbali na kona kabla ya kuilaumu maiki.

Hatua ya sita: maiki mbili zisigombane

Maiki ya pili ni raha, lakini inakuja na deni. Ngozi ya nyuma ikipigwa inakwenda mbele: maiki iliyo ndani inasukumwa, iliyo upande wa pedali inavutwa. Mawimbi yao yamepishana, na ukiyachanganya mvumo unayeyuka. Bonyeza kitufe cha kugeuza fezi, yaani mwelekeo wa wimbi, kwenye mojawapo, sikiliza pande zote mbili, chagua penye chini iliyonenepa.

Umbali nao unahesabiwa. Kwa joto letu sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Maiki mbili zikiwa mbele ya dramu na kupishana sm 60, moja inachelewa milisekunde 1.7, na hilo hukwangua eneo la Hz 290. Unaweza kuvuta mstari wa moja kwenye kompyuta mpaka vilele vikutane. Mimi huvuta, kisha nasikiliza tena bila kutazama skrini, kwa sababu wakati mwingine kule kuchelewa ndiko kulikokuwa kunaondoa boksi.

Kuhusu nguvu ya kurekodia, ukirekodi kwa biti 24 acha vilele vikae karibu na dB -12, chini ya kikomo cha sifuri. Mpe mpiga dramu wimbo mzito zaidi wakati wa kupima, maana siku ya kazi, kwaya ikishapanda, atapiga kwa nguvu kuliko alivyokuonyesha.

Muungurumo wa umeme usiupuuze hapa. Umeme wetu ni wa Hz 50, na waya mbaya au jenereta isiyo na ethi huuingiza kwenye maiki pale pale kwenye mvumo wa kiki. Kwenye sauti ya mtu ungeukata ukasahau. Kwenye kiki ukiukata unakata na kiki. Rekodi ukimya wa sekunde chache kabla ya mpiga dramu kuanza, upandishe sauti, usikilize.

Ngoma zetu

Atakuja mtu na ngoma za Newala au Tandahimba. Usimwekee D6. Ngoma ya kupigwa kwa mikono au fimbo inazungumza katikati, na maiki iliyochimbwa katikati inaiziba mdomo. SM57, MD421 au RE20, sm 20 hadi 30 juu ya ngozi, zinatosha. Kwa ngoma kubwa unaweza kuongeza maiki ya kiki chini, kwenye uwazi wake, ukikumbuka habari ya fezi. Ngoma zikishaota moto, rekodi mara moja. Ngozi ikipoa sauti inashuka, na kipande cha mwanzo hakitaungana na cha mwisho. Wachezaji waliovaa msewe, zile njuga za miguuni, wakae mbali na maiki hiyo ya chini, au uwarekodi kwa maiki yao.

Ukienda kununua

Maiki bandia zenye maandishi ya Shure zimejaa sokoni, na za SM57 na SM58 ndizo nyingi. Beba mizani ndogo ya jikoni: SM58 halisi ina gramu 298, SM57 gramu 284. Bandia nyingi ni nyepesi. Sema nayo ukiwa umeishika karibu na mdomo, kisha izungushe: sauti ya nyuma ipungue wazi. Itikise taratibu sikioni, isikike kimya. Ukinunua iliyotumika, omba uipige kwenye kiki au hata kwenye boksi la spika ukiwa umechomeka hedfoni. Muuzaji anayekataa hilo mwache na maiki yake. Kama unaagiza kwa basi kutoka Dar es Salaam, mwambie mtumaji aiweke ndani ya boksi gumu. Safari ni ndefu na mizigo hupangwa juu ya mizigo.

Na ikishafika, ilinde na bahari. Hewa ya Shangani ya Mtwara au ya ufukweni Lindi ina chumvi, pini za XLR hupata kutu ya kijani, na kondensa ikinyonya unyevu huanza kutoa mikwaruzo kama ya mafuta kikaangoni. Dainamiki huvumilia zaidi, sababu nyingine ya kuanza nayo. Weka kila maiki kwenye chombo cha plastiki kinachofunga kabisa, pamoja na vipakiti vya kunyonyea unyevu, na vibadilishe au uvikaushe kabla ya mvua za Desemba. Mvua yenyewe ikianza kwenye bati, zima mashine mnywe chai, kwa sababu hakuna maiki ya kiki isiyoisikia.